Hifadhi Kabla Hujainuka

Kazini walimwita Madam Hifadhi, na jina alilipata kwa haki. Kila fundi mpya aliyeletwa kitengo cha mitandao alikalishwa mbele ya swichi, lile sanduku jembamba la chuma linalogawa mawasiliano ya jengo zima, akafundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: swichi ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya juujuu. Unachoiambia inakifuata papo hapo, lakini umeme ukikatika inakisahau chote. Ya pili ni ya kudumu, na kitu hakiingii humo mpaka uiamuru ihifadhi. Amri yenyewe ni fupi kuliko jina la mtu. "Hifadhi kabla hujainuka," alikuwa akisema, na fundi aliyeinuka bila kuhifadhi alirudishwa kitini mbele ya wenzake, akasimamiwa kama mtoto anayemalizishwa uji, mpaka aandike.

Nyumbani alikuwa yuleyule. Mume wake ni fundi cherehani aliyegeuza chumba cha mbele kuwa karakana, na kila walipotoka pamoja mke alirudi kutoka njiani kuangalia kama pasi imechomolewa. Siku zote ilikuwa imechomolewa. Valvu ya mtungi wa gesi aliigusa kwa mkono wake kila jioni, hata kama mume ameapa kwamba ameshaifunga. Mume alikwisha kuzoea. Aliwaambia wageni kwamba mke wake akifa atainuka kwanza kwenye jeneza ahakikishe jiko limezimwa, ndipo akubali kuzikwa. "Huyu kusahau hakumo mwilini mwake," alisema, na alisema kwa fahari. Neno hilo lishikeni, maana lilikuja kudaiwa.

Mume alikuwa na mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, na kwa hiyo watu wakamwita Kitinda. Mama yao alipokuwa mahututi alimkabidhi kwa kaka yake, na kaka akala kiapo. Kijana akaja na sanduku la bati na suruali iliyomwishia juu ya kifundo. Watoto wa Madam walikuwa shule ya bweni, nyumba kimya, naye Kitinda alikuwa na maswali yasiyokwisha. Basi Madam akaleta swichi kuukuu iliyotupwa kazini, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, ikawa inaunguruma kila jioni mpaka mume akahamia na sahani yake karakanani.

Hapo mezani ndipo Kitinda alipofundishwa VLAN. Madam alimweleza kwamba swichi bila VLAN ni ukumbi mmoja wazi, kila anayesema anasikiwa na wote. Ukiweka VLAN unajenga kuta ndani ya swichi ileile: wahasibu huku, stoo kule, simu za mezani kwao. Kuta hazina tofali wala rangi, zina namba tu. Kitinda alisema haelewi, na Madam, ili kumpa moyo, akamwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Alimwambia kwamba hata yeye alipoanza kazi hakuziamini. Alizunguka na kebo mkononi akitafuta ukuta wa kuushika, mpaka akajifungia chooni kulia. Walicheka wote wawili. Kitinda alielewa siku ile, na baada ya masomo yake Madam ndiye aliyempeleka kazini kwao kwa mkono wake, akamdhamini kwa ulimi wake.

Kisha ikaja habari ya seva, zile kompyuta kubwa zinazotunza kazi za ofisi nzima. Kampuni yao iliuza dawa kwa jumla kwa maduka na zahanati, na ilikuwa na chumba kizima cha seva chakavu, kila moja na kazi yake: hii ya stoo, ile ya mishahara, nyingine ya ankara. Mkurugenzi aliamua zote zitupwe, ziletwe seva tatu kubwa, na ndani ya hizo tatu zitengenezwe mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili, ambazo zinaweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine zikiwa kazini na mtumiaji asijue. Roho ya mpango kama huo ni swichi. Kila mashine pepe lazima iwe na VLAN yake, na VLAN zote zipite pamoja kwenye kebo moja iingiayo kwenye seva bila kuchanganyika. Atakayeongoza mradi ndiye angekalia kiti kipya, cha mkuu wa kituo cha data.

Madam alijua kiti ni chake. Hakukiomba, kwa sababu mtu haombi shati lake mwenyewe.

Kwenye kikao Kitinda alionyesha michoro aliyoichora, na ilikuwa mizuri, hilo tuseme kweli. Mkurugenzi, mtu mnene wa kucheka upesi na kupenda kupigwa picha, akauliza kama Madam hafai zaidi kuongoza kazi hii. Kitinda angeweza kusema lolote. Alikuwa amelewa sifa, mdomo wake hauna geti, akajiona yuko nyumbani.

"Shemeji ni mtu wa nyaya," alisema. "Kuta za VLAN hazionekani, na yeye alipoanza kazi alizunguka na kebo mkononi akitafuta ukuta wa kuushika. Akaishia kulia chooni."

Kikao kizima kilicheka. Mkurugenzi alijifuta machozi kwa tai. Madam alicheka kuliko wote, na jambo lile lilimkata maini vibaya, kwa sababu si uongo na kwa sababu alilitoa mwenyewe, mezani kwake, kwa upendo. Mradi akapewa Kitinda. Tangu siku hiyo Madam akaanza kumwita Bosi, na Kitinda akadhani ni utani.

Siku ya kuhamisha kazi zote kwenye seva mpya walikuwa wamevaa masweta, maana chumba cha seva ni baridi kama friji. Kitinda alikaa kwenye kompyuta. Alihitaji mtu wa kuaminika wa kuchomeka kebo, akamwomba shemeji yake. Yaani mwanamke aliyemfundisha kushika kipanya alipiga magoti nyuma ya kabati la seva akichomeka nyaya, huku kijana anamtajia matundu kwa namba kutoka juu. "Hapo hapo, shemeji, asante." Alikuwa na adabu zake zote, na adabu ile ndiyo iliyouma zaidi.

Kitinda alifungua VLAN moja baada ya nyingine, akaziruhusu kupita kwenye kebo kuu, akajaribu. Alimpigia simu karani wa stoo, akamwambia aanze kusoma orodha ya makasha kwenye skrini yake, na wakati karani anasoma, Kitinda akaihamisha mashine pepe ya stoo kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili. Karani hakusita hata kwenye herufi. Aliuliza tu mbona watu wanapiga makofi. Makofi yalikuwa ya mkurugenzi, aliyeingia na mpiga picha, akamshika Kitinda mkono, akamnyanyua kitini kama bwana harusi na kumpeleka nje ukumbini.

Madam alibaki na kiti kitupu. Alikaa kwa mazoea tu, kama anavyorudi kuangalia pasi. Aliiuliza swichi imeandikiwa nini kwenye kumbukumbu ya kudumu, nayo ikamwonyesha mipangilio ya zamani, isiyo na VLAN hata moja ya mradi. Kitinda hakuhifadhi. Mkono wa Madam ulikwenda wenyewe kwenye herufi, maana mkono haujui chuki, unajua kazi. Kisha alitazama nje kupitia dirisha la kioo. Kitinda amesimama katikati, mkono wa mkurugenzi begani. Mtu mmoja alisema Madam naye aitwe kwenye picha. Mwingine akajibu wamwache amalizie nyaya zake, wakacheka.

Mkono ukarudi. Alitoa flashi kwenye mkoba, akanakili mipangilio yote kama ilivyokuwa saa ile, akaifunga skrini, na akainuka bila kuhifadhi.

Kwa wasioijua kazi hii, alichofanya hakikuwa kitu. Hakugusa, hakufuta, hakuharibu. Lakini kuanzia pale kampuni nzima ilikuwa imening'inia kwenye kumbukumbu ya juujuu, na yeye peke yake ndiye aliyejua, na alichokuwa anakisubiri ni umeme tu.

Wakirudi nyumbani Kitinda alisema kwamba hana hakika kama alihifadhi, walivyomvuta ghafla vile. Nafasi ya kuhurumia ilikuwa hapo, mlango wazi. Madam angesema ndiyo au hapana, mambo yangekwisha.

"Wewe ndiye bosi wa mradi," alimjibu. "Unamuuliza mtu wa nyaya?"

Kitinda alicheka, uso ukamshuka, na hakuuliza tena. Kesho yake hakuingia kwenye swichi kuangalia, kwa sababu kama angeingia, shemeji yake angejua, na angejua kwamba bosi ana wasiwasi. Haya za namna hiyo zimewamaliza wengi. Isitoshe, Madam alikwisha kutangaza kitengoni kwamba mradi bado mbichi na swichi kubwa isiguswe na mtu ila yeye, na Kitinda akashukuru kupunguziwa mzigo. Alikuwa na mengine ya kufikiria. Uchumba wake ulikuwa umepokelewa, anatafuta nyumba ya kupanga, na kaka yake alikuwa amekwisha kumkatia kitambaa cha suti.

Wiki kadhaa zikapita. Mlinzi wa getini, mzee mmoja mlalamishi, aliomba kamera upande wa nyuma wa geti ili aone malori bila kutoka kwenye mvua. Madam alimfungia mwenyewe, akaipa kamera VLAN yake kwenye swichi ileile kubwa, picha ikatokea, mzee akamwombea dua. Kisha Madam akakaa mbele ya skrini akiwa na tatizo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuwa nalo. Amri ya kuhifadhi haichagui. Haihifadhi kazi ya huyu ikaacha ya yule; inaandika kila kilichomo. Akihifadhi kamera ya mlinzi, atakuwa amehifadhi na kazi ya Kitinda. Kujizuia kuliandika neno lile kulimsumbua kama kujizuia kupiga chafya. Alikaa huku vidole vinamwasha, akaifunga skrini, akaenda kunawa mikono kama mtu aliyeshika uchafu. Lakini hakurudi kuandika. Roho yake ilikuwa imeshakauka.

Halafu fundi umeme akaleta taarifa kwamba betri za akiba za chumba cha seva zimezeeka na atazibadilisha. Siku ilipangwa, wote wakaambiwa. Kitinda mwenyewe alizima mashine pepe, kisha seva, kwa utaratibu mzuri kabisa. Swichi haizimwi kwa utaratibu. Ukikata umeme imezimika. Fundi akabadilisha betri zake, akarudisha umeme, akakusanya vifaa, akaenda zake.

Seva ziliamka. Mashine pepe ziliamka. Hakuna aliyeweza kuzifikia. Stoo iliona skrini nyeupe, ankara hazikuchapika, malori yaliyopakiwa yakapanga foleni getini yakipiga honi, na zahanati zikaanza kupiga simu kuulizia dawa zao. Kitinda alitoka jasho kwenye chumba kile cha baridi. Alizima seva akaziwasha, akazikagua mashine pepe moja moja, akarudia. Fundi mmoja alipotaja swichi alimkatiza kwamba swichi iko sawa, aliijaribu mwenyewe. Na Madam? Madam alikuwa mezani kwake anakunywa chai. Hakuinuka hadi alipoitwa, na alipoitwa alimalizia kikombe kwanza.

Aliingia, mkurugenzi amesimama mlangoni, nusu ya ofisi nyuma yake. Alifungua swichi, akaigeuza skrini wote waione.

"Bosi," alimwita Kitinda, "ulihifadhi?"

Kitinda aliitazama skrini. Mipangilio ilikuwa ya zamani, kama vile mradi haukuwahi kuwepo.

"Sikumbuki," alisema.

"Swichi inakumbuka. Hukuhifadhi."

Hakupaza sauti. Alichomeka flashi, akairudisha mipangilio yote kutoka kwenye nakala yake, na kabla chai haijapoa tumboni stoo wakashangilia upande wa pili. Angeweza kuishia hapo. Alisogea pembeni, akaonyesha kiti, akamwambia Kitinda akae aandike. Kijana akakaa mbele ya mkurugenzi na makarani na wapakiaji waliokuja kushuhudia, akakosea amri fupi kuliko jina la mtu, akaifuta, akaiandika upya. Swichi ikajibu kwamba imehifadhi. "Sasa inuka," Madam alisema. Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko hicho Madam alikipokea kama deni lililolipwa.

Unga wa Kitinda ulimwagika siku ileile. Mkurugenzi aliyemshika bega kwenye picha hakumtazama usoni, alimtuma katibu. Kiti cha mkuu wa kituo cha data akapewa Madam, na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye nakala hakuwa ametia neno mapema. Watu waliookolewa hawaulizi maswali.

Nyumbani Kitinda alikaa karakanani katikati ya vipande vya vitambaa, akamweleza kaka yake kwamba alisahau kuhifadhi. Kaka aligomba mpaka sauti ikakauka. Wakwe watarajiwa walituma ujumbe kwamba mambo yasubiri kwanza, na suti ikabaki imekatwa haijashonwa. Hata hivyo Kitinda alimtetea shemeji yake. Alisema bila nakala ya shemeji kampuni ingelala chali, na kwamba amemfundisha mara ya pili. Madam aliyasikia hayo akiwa jikoni. Alimpakulia chakula, akamwongezea mchuzi.

Baada ya siku chache Kitinda alikwenda kuchukua vitu vyake. Hakuruhusiwa kuingia ndani, basi mlinzi akamletea kasha lake getini, na kwa kuwa mzee alipenda sana kuzungumza, akaanza kulalamika. Kamera yake ya nyuma imekufa. Imekufa tangu siku ya betri, na mvua zimeanza. Madam alimwekea kwa mikono yake, wiki kadhaa baada ya wao kupiga picha zao za sherehe, na sasa amemwambia mara tatu, naye anasema atakuja.

Kitinda alisimama na kasha mkononi. Kamera iliwekwa baada ya kazi yake. Imekufa na umeme. Kwa hiyo aliyeiweka naye hakuhifadhi, maana angehifadhi kamera tu, kila kitu kingebaki. Na nakala ile iliyowaokoa haikuwa na kamera, kwa hiyo ilichukuliwa kabla, siku ileile ya picha. Aliyeichukua alikaa kwenye kiti chake, akaona, akanakili, akainuka. Kitinda alikaa kwenye benchi la mlinzi. Mzee akamuuliza kama anaumwa, akampa maji.

Jumapili walikula mchana wote watatu. Kitinda hakugusa sahani yake.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kawaida, "kamera ya getini uliiweka kabla ya mradi au baada?"

"Baada," Madam alijibu kabla hajafikiri, kwa kuwa swali la kazi hulijibu hivyo.

"Na ulihifadhi?"

Maisha yake yote ya kazi swali hilo alilijibu kwa neno moja, naye sasa hakuwa nalo. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Nilisahau," alisema.

Mume akaanza kucheka, tayari kwa utani wa mwaka, hata mkewe kasahau kitu. Kicheko kikamfia njiani. Aliwatazama wote wawili, akamwambia mdogo wake amweleze taratibu, yeye ni mtu wa sindano.

"Kaka, mimi nilishona nguo kwa uzi wa kushikiza tu," Kitinda alisema. "Nikavutwa, sikupitisha mashine. Shemeji akaiona. Baadaye akaongeza mfuko kwenye nguo ileile, naye kwa uzi wa kushikiza. Angepitisha mashine kwenye mfuko wake, ingepita nguo nzima. Hakupitisha. Akaiacha, akasubiri itatuke nikiwa nimeivaa mbele za watu."

Hilo fundi cherehani alilielewa mpaka mwisho. Alimgeukia mkewe.

"Wewe unayerudi njiani kwa ajili ya pasi," alimwambia.

Hapo Madam akalipuka, na aliyoyasema yalikuwa ya kweli yote, ndiyo maana hayakumsaidia. Alisema kikao kizima kilimcheka. Alisema alimkalisha mtoto huyu kwenye meza hii hii, akampa siri yake, naye akaenda kumvua nguo nayo mbele ya kikao, kisha akampigisha magoti achomeke nyaya. Alisema hakumsukuma mtu, kijana alianguka mwenyewe. Kitinda aliinamisha kichwa.

"Ungenitukana, shemeji," alisema. "Ningekupigia magoti palepale. Sikujua kama nimekuumiza. Ulikuwa unacheka."

Mume aliisukuma sahani yake kando. Hakutaka ugomvi, alikuwa na kiapo cha mama yake shingoni na mke aliyempenda. Mwishowe alimwambia mkewe aende kesho kwa mkurugenzi aseme neno moja la kumtetea kijana. Asikiri chochote kama hataki, ajipambe atakavyo, mradi Kitinda arudishwe kazini hata kwa kuchomeka nyaya. Akifanya hivyo, jambo hili halitatajwa tena ndani ya nyumba hii. Kitinda alisema naye hatalitaja. Madam aliitikia kwa kichwa.

Jumatatu hakulazimika hata kuomba. Mkurugenzi alimwita mwenyewe, akamkaribisha kiti. Alisema hasira zimepoa, wateja wametulia, na kijana bado ni mdogo, kila mtu hukosea mara moja. Kama Madam anaona vema, arudi, afanye kazi chini yake. Ni neno lake tu.

Madam alilifikiria, na tusimsingizie kwamba hakulifikiria. Alimwona Kitinda anaingia kila asubuhi, anamwamkia kwa adabu zake zote, anakaa meza ya pili, na kila yeye Madam anapowafundisha wapya kuhifadhi kabla ya kuinuka, macho yale yako pale yanasikiliza. Hatasema kitu. Angekuwa mtu wa kusema angevumilika. Kiti kilikuwa laini, na alikuwa amekipata.

"Mtu asiyehifadhi hawezi kukaa hapa," alimwambia mkurugenzi. "Ni shemeji yangu, inaniuma. Lakini kazi ni kazi."

Mkurugenzi alimsifu kwa kutobagua ndugu na mgeni, akasema watu kama yeye wamebaki wachache. Madam aliteremka chumba cha seva, akairudishia kamera ya mlinzi VLAN yake. Akaandika amri, swichi ikajibu kwamba imehifadhi, na ndipo akainuka.

Alipofika nyumbani jioni, mume alikuwa mlangoni mwa karakana, tepu ya kupimia shingoni. Suti ya Kitinda ilikuwa chini ya cherehani, mkono mmoja umeshaungwa. Kitinda mwenyewe alikuwa nyuma yake kwenye kigoda, amevaa shati safi kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Ulisema na mkurugenzi?" mume aliuliza.

Madam aliweka mkoba chini, akavua viatu, akavipanga vizuri.

"Nimesahau," alisema.

Kisha alipita katikati yao, akaingia jikoni, akaigusa valvu ya gesi. Ilikuwa imefungwa.